Kondoo Wasioliwa

Nimerudi kukaa Butembo. Kabla sijamaliza kufungua masanduku yangu, mtoto wa mdogo wangu alikuja kunisalimia kutoka Beni. Amesoma, ameolewa, anakaa mtaa wa Beu, na amechoka kulala na viatu miguuni akisikiliza kama risasi ziko mbali au karibu. Alikuja na mumewe, na simu yenye kioo kilichopasuka. Waliketi kwenye viti vyangu vipya, wakakubali chai, kisha binti akanisogezea ile simu.

"Mama mukubwa, angalia. Hii inaitwaka alpaka. Inatoka Peru, kwa milima ya baridi sana, sawa na huku kwetu Lubero."

Niliangalia. Mnyama mwenye shingo ndefu, manyoya yamemshukia usoni hadi anafanana na mtu anayechungulia kutoka chini ya blanketi asubuhi ya mvua.

"Manyoya yake ni bei," akaendelea. "Tunaanza na kidogo, kisha itazaa. Weye uko na diploma ya banyama, utatuongoza. Na uko na kilima."

"Na inatemaka mate," mumewe akadakia. "Mwizi akikaribia, inamutemea kwa macho. Hata mulinzi hatutatafuta."

Tulicheka wote. Nikauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza: "Na nyama yake?"

Binti akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Mama mukubwa! Alpaka haiko ya kula."

Niliinuka nikaenda dirishani, nikajifanya natazama mvua. Rafiki yangu, maneno hayo niliyasikia utotoni, juu ya kilima hicho hicho wanachokitaka, na aliyeyasema hakuishi.

Kwanza nikuambie mimi ni nani, usidhani unaongea na bibi kizee wa kusimulia hadithi jikoni. Nina diploma ya ualimu, na nina diploma ya ufugaji niliyoichukua Ulaya. Hakuna padri wala mbunge aliyenibeba mgongoni. Nilifanya mitihani yangu, nikaosha sufuria za watu ili nile, nikasoma katika darasa la vijana weupe watupu, na lilipokuja somo la kondoo hakuna aliyenifikia. Mwalimu wetu alikuwa akiniita mbele nimshike kondoo wakati wenzangu wakiogopa kuchafua mikono. Waliuliza nilijifunzia wapi. Niliwajibu: kwa baba yangu. Hawakuuliza zaidi, na mimi sikuwaeleza. Leo nakueleza wewe.

Kama ulikulia kwenye ukungu wa kwetu, kati ya Butembo na Kirumba, nusu ya maneno yangu hayana kazi. Unajua asubuhi zile ambazo kilima cha pili hakionekani, unasikia tu jogoo wa watu na lori linalolia likipanda barabara. Unajua moshi wa mkaratusi unavyokaa kwenye nguo mpaka shuleni. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na baba yangu, mwalimu wa shule hiyo, aliigonga kwa kipande cha chuma kana kwamba anaamsha nchi nzima. Tulikula viazi na njegere, obundu, yaani ugali wa muhogo, pale mtu alipopanda nao kutoka bondeni, na maharage ambayo nyanya yangu aliyaweka motoni kabla ya misa ili yaive tukirudi. Mama alikufa alipomzaa mdogo wangu. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyetulea, na nyumba ilikuwa yake kwa mdomo na kwa mwiko.

Jirani yetu aliishi ng'ambo ya kijito. Alikuwa mtu wa kucheka sana, mwenye shamba kubwa la majani na watoto wengi, na kila jioni alipita kwetu kuulizia habari za redio, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na redio.

Juu yetu sote alikaa Mzungu mwenye shamba. Alikuwa na ng'ombe, ngano, mbwa wawili, na kondoo ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuona mfano wao. Kondoo wetu wa kawaida wana nywele fupi kama mbuzi. Hawa walivaa sufu nzito, nyeupe chini na kijivu juu kwa moshi na vumbi. Watoto tuliwaita kondoo wenye koti.

Uhuru ulipofika, yule Mzungu alikaa kidogo, akasikiliza redio yake, kisha akaanza kufunga mizigo. Ng'ombe walinunuliwa na mfanyabiashara wa Butembo. Ngano iliachwa shambani. Kondoo hawakupata mtu. Wachuuzi walipapasa migongo yao chini ya ile sufu, wakasema hakuna nyama pale. Tena kwetu, wakati ule, wanawake wengi hawakugusa nyama ya kondoo, kwa hiyo mnunuzi angekula na nani? Mzungu akamwita baba, kwa sababu baba aliandika Kifaransa kizuri na alikuwa amezoea kumsaidia barua zake. Nilikuwepo, nimeshika koti la baba. Gari lilikuwa limejaa hadi juu ya paa, mbwa wamekaa mbele, linaelekea Kasindi na Uganda.

"Mwalimu, chukua ile kondoo," alisema akiwa tayari kwenye usukani. Kisha akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajali kama anasikika. "Mais nyinyi mutakula yote mbele ya Noeli."

Baba hakujibu mpaka gari lilipotoweka kwenye kona. Ndipo akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote: "Hii haiko ya kula."

Nataka uelewe jambo hili vizuri, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitoka hapo. Baba yangu hakuwa mfugaji. Hakupenda kondoo. Alipenda kwamba yule mtu awe amekosea. Tangu siku hiyo aliweka neno lake mbele ya kilima chote, kwamba hakuna hata kondoo mmoja wa kundi lile atakayeingia chunguni, na kwamba sufu yao itatuvika. Mablanketi yote tuliyojifunika yalitoka ng'ambo ya bahari. Baba alisema nchi huru yenye baridi kama yetu haiwezi kungoja blanketi kutoka kwa watu walioikimbia. Alizungumza na masista wa misioni. Walikuwa na gurudumu la kusokotea uzi limejaa vumbi stoo, wakaahidi kufundisha wasichana. Jirani akatoa majani ya shamba lake na kuwa mshirika. Watu wakaja kutazama, wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakapiga makofi.

Ah, miezi ile ya mwanzo! Hata sasa, nikiwa na hasira zangu zote, siwezi kuisema vibaya. Baada ya shule kazi yangu ilikuwa kuondoa miiba na mbegu za kunata kwenye sufu. Nilikaa kwenye nyasi, kondoo amelala kati ya magoti yangu, mdogo wangu amefungwa mgongoni kwangu, navuta mbegu mojamoja. Vidole vyangu vilijaa mafuta ya sufu, mafuta yenye harufu ya maziwa yaliyochacha na jasho, na mikono yangu ililainika kuliko ya binti yeyote wa kilima. Shuleni wenzangu walinitania, "Uko na mikono ya bamadame!" Nilijivuna. Jioni tuliwasha moto wa majani mabichi mlangoni mwa zizi ili moshi ufukuze nzi, na kondoo walikohoa usingizini kama wazee kanisani.

Baada ya mvua za kwanza ukafika wakati wa kuwanyoa. Mzungu alikuwa ameacha mkasi mkubwa wa kunyolea, wa kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa katikati, unaobanwa kwa kiganja na kujifungua wenyewe. Baba aliunoa kwenye jiwe. Akamlaza kondoo wa kwanza uani. Alikuwa amepiga magoti, mkasi mkononi, nyanya alipotoka jikoni na kusimama juu yake.

"Nani alikufa?" nyanya akauliza.

"Mama, hakuna mutu alikufa. Ni sufu tu."

"Nauliza nani alikufa. Humu nyumbani nywele inanyolewa juu ya nini?"

Unajua jibu. Kwetu mtu akifa na akisha kuzikwa, waliobaki hunyolewa kichwa, na hapo ndipo kilio kinaanza kufungwa. Kunyoa bila maiti ni kuita maiti. Nyanya hakuona tofauti kati ya kichwa cha mtoto na mgongo wa mnyama anayelala kwenye zizi la nyumba yake.

"Muzungu alikuwa ananyoa kila mwaka," baba akasema.

"Na muzungu iko wapi?"

Jirani, aliyekuja kusaidia, alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini alipomaliza kucheka akaweka chini kamba aliyoishika na kusema yeye hataki kuwa karibu. Baba aliongea juu ya Ulaya, juu ya akili, juu ya uhuru. Nyanya alisimama tu. Mwishowe baba akamfungua kondoo, na mkasi ukatundikwa ukutani.

Mwaka ukapita, na mwingine. Leo nina jina la Kifaransa la kila ugonjwa uliowapata, na ningeweza kukuandikia dawa yake. Wakati ule tuliona tu sufu inakua, inashuka machoni, inafunga masikio. Kondoo wakaanza kujikwaa kwenye mizizi na kugonga kuta. Mvua iliponyesha sufu ilibeba maji, na aliyelala vibaya mteremkoni alipinduka miguu juu asiweze kuinuka, mpaka nimkute na kumsukuma kwa bega. Nilikuwa nikikimbia kutoka shuleni bila kula ili niwahi kuwainua. Baba aliwasafisha kwato zilizooza kwa kisu, akiimba zaburi kwa sauti ya chini. Aliwatunza kama vile watu hutunza mgonjwa ambaye hawaruhusiwi kumpa dawa.

Habari za redio nazo zilianza kuwa mbaya. Bei za chumvi na sabuni zilipanda, malori yakapungua, majina ya wakubwa yakabadilika kila tulipokariri mapya. Ukaja msimu wa njaa. Magonjwa yaliharibu viazi, na nyumba nyingi zilichemsha majani.

Katika msimu huo kondoo jike mmoja, mkubwa kuliko wote, alienda kunywa kijitoni, sufu yake ikajaa maji, ikamvuta chini. Jirani ndiye aliyemtoa, kondoo akiwa amekwisha kufa. Alimleta uani kwetu kwa mabega yake, maji yanamtiririka, na watoto wake wote walimfuata nyuma. Niliona jinsi walivyomtazama yule kondoo.

"Mwalimu, huyu Mungu mwenyewe alichinja," jirani akasema. "Tugawe."

Baba alitazama watoto. Alitazama kondoo. Kisha akaingia ndani akatoka na jembe.

"Hii haiko ya kula," akasema, akaanza kuchimba.

"Unazika nyama?" Jirani hakucheka safari hii. "Batoto bangu banakula majani, weye unapa udongo nyama?"

"Nikikula moja, nimekula yote. Ule muzungu atakuwa alisema kweli."

"Muzungu gani, Mwalimu? Muzungu alikwenda!"

Baba aliendelea kuchimba. Shimo lilikuwa refu, zuri, kama la mtu. Jirani alisimama pale mpaka udongo wa mwisho, kisha akawakusanya watoto wake, akavuka kijito, na jioni ile hakuja kusikiliza redio. Hakuja tena kuisikiliza.

Nyanya alikuwa ametazama yote kutoka mlangoni. Baba alipokuwa anafuta jembe, alimjia na mkasi, ameutoa ukutani mwenyewe.

"Umezika," akamwambia. "Donc kuna kilio. Sasa nyoa."

Hivyo ndivyo kondoo wetu walivyonyolewa, kama wafiwa. Baba alicheka na machozi yakamtoka. Alinyoa vibaya, akawakata hapa na pale, nami nilishika vichwa vyao na kuwapaka mafuta na majivu kwenye vidonda. Sufu ilitoka kama ngozi nzima, ya ndani nyeupe kabisa, yenye joto la mnyama. Tuliiosha kijitoni siku nyingi, tukaianika kwenye ua, na kilima kizima kilionekana kama kimeshukiwa na mawingu. Masista walilifuta vumbi gurudumu lao. Nilijifunza kusokota kabla ya wasichana wengine wote, sisemi kwa kujisifu, masista wenyewe walisema. Uzi wangu wa kwanza ulikuwa na mafundo, wa pili haukuwa nayo. Nikamfumia baba triko, sweta ya sufu. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, na rangi yake ilikuwa ile ile ya kondoo. Aliivaa Jumapili kwenye misa, akasimama mbele, wala hakukaa mpaka watu wote wamemwona.

Nilidhani tumeshinda. Baba naye alidhani hivyo. Alisema mwakani ni mablanketi.

Waasi waliingia kwetu asubuhi, wakitokea upande wa barabara kubwa. Walikuwa wameshika Butembo, na sasa walipita vilimani wakitafuta chakula na watu wanaoandika vizuri, ambao waliwaita vibaraka wa wazungu. Wengi wao walikuwa vijana, wamevaa majani na ngozi vichwani. Kiongozi wao hakuwa na sura ya ubaya, hilo nalikumbuka. Alikuwa amechoka, miguu yake imevimba. Walipitia kwanza kwa jirani. Nilikuwa juu ya mwamba nikiangalia kondoo, nikaona kila kitu ng'ambo ya kijito. Hawakumpiga. Walimuuliza kitu, naye akainua kidevu na kuelekeza kwetu. Kidevu tu. Mkono wake hakuutoa mfukoni.

Walipofika uani, kiongozi alitazama zizi.

"Batu banasema hii ni mali ya muzungu. Unamuchungia."

"Hapana," baba akajibu. Alikuwa amevaa ile triko, kulikuwa na baridi. "Ni yangu."

"Ni yako? Vizuri. Siye ni bageni yako. Chinja mbili, tukule, tuende zetu."

Na hapo, rafiki yangu, kila mtu wa kwetu angejua la kufanya. Mgeni akisimama uani mwako, mnyama wako anachinjwa. Ndivyo unavyoonyesha kwamba ni wako. Asiyeweza kumchinjia mgeni ni mtumwa anayelinda vya bwana wake. Yule kijana hakuwa mjinga, alimpima baba yangu kwa kipimo chetu wenyewe.

"Hii haiko ya kula," baba akasema.

Vijana wakaangua kicheko. "Mwalimu, hii kondoo ni muke yako?" mmoja akauliza. Mwingine akalia kama kondoo. Hata kiongozi alicheka kidogo, akangoja. Naapa alingoja. Alikuwa anampa nafasi.

Nyanya alipiga magoti mbele ya mwanawe, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. "Chinja, mwana wangu. Chinja yote. Mimi nitakula. Mimi mwanamuke nitakula mbele ya batu, aibu iwe yangu."

Baba alimwinua kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa nimeshuka mwambani na nilikuwa karibu.

"Mama, ule muzungu atasikia."

Kiongozi aliacha kucheka. "Kumbe ni ya muzungu," akasema.

Walimpeleka nyuma ya mikaratusi. Waliporudi hawakuwa naye, na kijana mmoja mdogo, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi tangu alipofika, alikuwa amevaa triko yangu. Mkono mmoja ulimfunika vidole. Waliwafunga kondoo kamba, wakawaburuta kuteremka, na kwa muda mrefu nilisikia milio yao kwenye ukungu.

Tulimzika baba karibu na yule kondoo, kwa sababu udongo wa hapo ulikuwa tayari laini. Watu wa kilima walikuja wachache wachache, wakiogopa. Wembe wa baba ulikuwa umeibwa pamoja na redio, sabuni, hata sufuria. Nyanya akautwaa mkasi wa Mzungu, akaninyoa mimi, akamnyoa mdogo wangu, kisha akanipa nimnyoe yeye. Chuma kilikuwa bado kina mafuta ya sufu. Nilipomaliza alishika nywele zake nyeupe mapajani, akasema, "Nilikubali kondoo inyolewe. Ni miye niliita." Alisema hivyo mpaka kufa kwake, na diploma zangu zote hazikuweza kumtoa hilo kichwani.

Kondoo mmoja alikuwa amebaki, amejificha kwenye magugu. Alijirudia mwenyewe uani siku ya matanga, amekonda, makovu ya mkasi bado mgongoni. Waombolezaji walikuwa hawajala. Jirani akainuka, hakuuliza mtu, akamchinja. Nyama ilichemshwa kwa sufuria ya kuazima, na wote wakala, wanaume kwa wanawake, njaa ilikuwa imemaliza miiko. Jirani mwenyewe aliniletea sahani, kipande kizuri cha paja.

"Kula, mutoto wangu. Ni baba yako anatulisha."

Nilikuwa sijala tangu juzi. Nilimtazama machoni mpaka akaiweka sahani chini na kuondoka. Sikula. Mpaka leo, katika hoteli kubwa za watu, wakileta kondoo nasukuma sahani.

Noeli ya mwaka ule ilikuwa bado mbali.

Masista walinichukua, nikasoma, nikaondoka. Huko Ulaya, nilipopata diploma yangu ya pili, nilimtafuta yule Mzungu. Nilimpata katika nyumba ya wazee, kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Nilikuwa nimevaa vizuri, na diploma ilikuwa mkobani, nimeikunja vizuri ili nimwonyeshe. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akafurahi, akaanza kulia. Alikumbuka kahawa. Alikumbuka mbwa wake wote wawili, kwa majina. Alimkumbuka mpishi. Nilimwambia mimi ni binti wa mwalimu, yule aliyemwachia kondoo.

"Kondoo?" akasema. Alifikiri sana, alijitahidi, sikuona uongo usoni mwake. "Hapana, madame. Miye nilikuwa na ng'ombe."

Nilifunga mkoba. Nilimtengenezea blanketi lililokuwa linateleza, sijui kwa nini, nikatoka.

Basi sasa nimerudi. Nilikinunua kilima kile chote, pamoja na shamba la jirani, ambaye amekufa kwa uzee kitandani mwake, watoto wake wakimzunguka. Shamba la majani aliyotupatia limegeuka msitu wa mikaratusi ya kukata mbao. Kijito kimekuwa uzi. Rimu ya shule imeuzwa chuma chakavu. Mkasi sijui ulipotelea wapi, na gurudumu la masista liliungua siku nyingine, katika vita vingine. Nimepanda juu pale nikapiga magoti nikavuta udongo puani kama mwenda wazimu, nikitafuta harufu ile ya maziwa yaliyochacha. Hakuna. Watu wakinipita wanasalimia kwa heshima, wanajua nina nyumba ya vigae. Hakuna anayejua kwamba hapa kuliwahi kuwa na sufu iliyoanikwa, na kwamba kwa misa moja ya Jumapili kilima chetu kilijivika chenyewe.

Nilitoka dirishani, nikarudi kwenye kiti mbele ya binti na mumewe. Chai yao ilikuwa imepoa.

"Kilima nitawapa," nikasema, "mukinijibu neno moja. Siku mutu wa bunduki atasimama kwa mulango na kuomba alpaka moja, mutafanya nini?"

Mume alifungua mdomo, kijana wa watu, mwenye akili. "Mama, si tutamupatia..."

"Hapana," mkewe akamkata. Aliketi wima, kidevu juu. Sijui ukaidi ule aliutoa wapi, hakuwahi kumwona babu yake hata kwenye picha. "Hatutamupa. Tukimupa moja, watakuja kwa yote. Tumekimbia ya kutosha, Mama mukubwa. Ile kitu haiko ya kula."

Nikawaambia kilima hakipatikani. Nikasema nina mpango nacho, mbao, watalii, niliyasema yote yaliyonijia mdomoni. Binti alilia, kisha akakasirika. Wameniaga vibaya, wakarudi Beni na simu yao. Nasikia anaeleza watu kule Beu kwamba Ulaya imenikausha roho, kwamba mimi ni mwanamke wa vyeti na nyumba ya vigae, asiyependa damu yake.

Aseme. Kila ninapoletewa maneno hayo nauliza tu aliyasema lini, nikiambiwa jana, najua bado yupo, nalala.